Mlango wa kioo cha usalama uliokatwa mbele ya macho yangu

Nilikuwa nimekusudia kuandika sifa. Duka hili la milango na madirisha ya aluminiamu, lililoko hapa Dar es Salaam na ambalo sitalitaja jina, lilinipokea vizuri, likaja kunipimia baraza bila kuchelewa, na bei yake haikuwa ya kumkimbiza mteja. Nilitaka mlango wa slaidi wa kutokea barazani, na sharti langu lilikuwa moja tu: kioo kiwe cha usalama, kile ambacho mafundi wetu hukiita tempa, kwa kuwa nina mjukuu wa miaka 4 ambaye hajui kutembea, anajua kukimbia tu. Kwa sharti hilo niliongezewa laki mbili na nusu, nami nikalipa bila kunung'unika.

Siku ya kufunga, masika yakiwa ndiyo yanaanza, fundi alifika na kijana wake, akaniamkia, akaingia kazini. Fremu ilikaa sawasawa. Kioo ndicho kilichozidi, kama sentimita mbili hivi. Fundi hakuhangaika: alikilaza juu ya blanketi, akatoa kisu cha kukatia vioo, akapiga mstari, akagonga kidogo kwa chini, na ukanda mwembamba ukachomoka safi kama kipande cha kashata.

Niliduwaa. Kioo cha tempa hakikatwi. Hukatwa na kutobolewa kwanza, ndipo huingizwa tanuruni kwenye joto linalozidi nyuzi 600 na kupozwa ghafla kwa upepo mkali, hata uso wake ukabanwa huku kiini kikivutika. Baada ya hapo, ukijaribu kukipasua mahali pamoja, kioo kizima humwagika chembe ndogondogo mithili ya chumvi ya mawe. Hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu kioo cha kawaida huvunjika vipande virefu vyenye makali ya panga. Kilichokatika barazani kwangu kilikuwa kioo cha kawaida. Stika iliyodai vingine niliibandua kwa ukucha, ilhali alama ya kweli huchapwa kwenye kona ya kioo chenyewe na haibanduki.

"Mama, mimi nimepewa nije nifunge tu," fundi alisema kwa sauti ya chini, nami namwamini.

Kesho yake nikaenda dukani. Meneja, kijana anayeweza kuwa kitinda mimba wangu, hakuniamkia. Nilipoomba cheti cha kioo alipekua mtoto wa meza, akanitolea fotokopi iliyofifia. Nikavaa miwani. Kilikuwa cheti cha ukaguzi wa mzigo ulioagizwa kutoka nje, na mzigo wenyewe ulikuwa profaili za aluminiamu. Neno kioo halikuwamo. Cheti cha namna hiyo huihusu shehena iliyotajwa ndani yake, kama vile leseni ya alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, inavyotolewa kwa bidhaa mahususi iliyopimwa, wala hakienei kwa kila kilichopangwa dukani. Cheti cha ngano hakiwi cheti cha chapati. Nilimweleza hivyo kwa utulivu, naye akawatazama wateja wengine, akacheka, akasema, "Kwani mama unataka mlango, au unataka cheti ukakitundike ukutani?"

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 30 na nimeyasikia maneno mengi, lakini hilo lilinikaa kooni. Kuanzia hapo hata nilivyovisifu vilinichukiza. Walipima upesi, sawa, lakini kama walipima vizuri, kioo kilizidije? Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya fremu. Nikashuka hadi moja, na hiyo moja ni ya fundi.

Cheti si pambo. Katika kipimo cha Ulaya cha EN 12600, kioo hupigwa kwa tairi mbili zilizoning'inizwa pamoja na uzani, jumla kilo 50, zikiachiwa kutoka kimo cha milimita 190, kisha 450, kisha 1200, ili ionekane kinavunjikaje mtu anapokigonga kwa mwili wake. Mjukuu wangu hajafika hata nusu ya kilo hizo, lakini kipimo hicho anakifanya kila jioni.

Haki iseme pia upande wa pili. Baada ya wiki kadhaa za simu, na baada ya kutaja kwamba nitakipeleka kile kipande TBS, waliniletea kioo kingine bila kunidai nyongeza. Kimechapwa EN 12150, namba ya kiwango cha Ulaya cha kioo cha tempa, kwenye kona, nimekikwaruza kwa ukucha na kwa sarafu, alama haikutoka. Kiliingia bila kukatwa. Mlango unateleza kwa kidole kimoja, na mvua ya juzi haikuingiza hata tone. Naukiri: ndio mlango bora kuliko yote nyumbani mwangu. Nyota nne, basi. Hapana, mbili. Aliyenunua bila kusimama juu ya kichwa cha fundi amefungiwa kioo gani, na ana watoto wangapi?

Ule ukanda wa sentimita mbili ninao bado, nimeuviringishia gazeti juu ya kabati. Meneja akiuhitaji, aje auchukue, lakini aanze na shikamoo.