Kabla hujalipia programu za ofisi: nimezipanga, kuanzia ile uliyonayo tayari

Mwaka juzi nililipia programu ya kuhariri PDF kwa mwaka mzima, kwa ajili ya kazi ya jioni moja. Nilikuwa na mihtasari ya vikao vya kikundi chetu, kurasa 43 zilizopigwa chapa kwa taipureta na kuskaniwa na mtu mwenye haraka zake, na nilitaka maandishi yaweze kunakiliwa. Kazi ikaisha, programu nikaisahau. Yenyewe haikunisahau: mwaka uliofuata ikakata tena kwenye kadi bila hata kupiga hodi. Nilipoomba kusitisha nikaletewa fomu ya maswali manane, la mwisho likiniuliza kama kweli nina uhakika.

Kilichoniuma zaidi ya hela ni kugundua kwamba Google Drive, niliyokuwa nayo bure miaka yote hiyo, ingeifanya kazi ileile. Unapakia PDF au picha, unabofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kulifungua kwa Google Docs, na maandishi yanajitokeza yakiwa tayari kuhaririwa. Masharti yapo. Lazima utumie kompyuta, maana kwenye simu hutaiona nafasi hiyo. Google wenyewe wanashauri faili lisizidi MB 2, kwa hiyo kurasa zangu 43 nilizigawa vipande vipande nilipokuja kujaribu. Majedwali nayo huvurugika: orodha yangu ya ada ilitoka majina yote juu na fedha zote chini, nikakaa kuoanisha moja moja kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni. Ila herufi zilisomwa vizuri. Kosa lililojirudia ni herufi "m" iliyofifia kusomwa kama "rn", na hilo unalimaliza kwa kutafuta na kubadilisha.

Basi orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja tu: programu ipi inafanya kimyakimya kazi ambazo watu wanazilipia kwingine.

Hakikisha kwanza unachonunua

Wengi wanaosema "nataka kulipia Google" au "nataka kulipia Microsoft" wanatafuta nafasi ya kuhifadhi, si programu. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Ya Microsoft ina GB 5 kwenye OneDrive. Zikijaa, ujumbe mwekundu unakuja na kitufe cha kulipa, na mtu analipa.

Kabla ya kubofya kitufe hicho, fungua Gmail, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika hivi: `has:attachment larger:10M older_than:2y`. Zitakuja barua zote zenye viambatisho, zilizozidi MB 10, za zaidi ya miaka miwili iliyopita. Kwangu zilikuwa video za harusi za watu nisiowakumbuka na matoleo sita ya ripoti moja. Futa, kisha nenda kwenye pipa la taka ulimwage, la sivyo nafasi hairudi mpaka siku 30 zipite. Kwenye Drive upo ukurasa wa hifadhi unaopanga mafaili kuanzia lililo kubwa zaidi. Nimeshawafanyia watu watatu shughuli hii na hakuna aliyelipia baada ya hapo.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipa ni kama kile unachokitaka hakipo kwenye ulichonacho, na hapo injini ya utafutaji ndiyo muuzaji mkweli kuliko wote, ukijua kuiuliza. Usitafute "programu bora ya kutafsiri jedwali", kwa sababu utaletewa matangazo. Tafuta ndani ya kurasa za msaada za kampuni yenyewe: `site:support.google.com` ikifuatiwa na kitu unachotaka kufanya, au `site:support.microsoft.com`. Kurasa nyingi za msaada zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo swali liwe kwa Kiingereza. Kama unachotafuta ni maoni ya watumiaji, ongeza `after:2024-01-01` ili usisome malalamiko ya toleo lililokufa zamani. Na kama ulitaka kununua violezo vya bajeti au ankara, jaribu kwanza `filetype:xlsx` pamoja na neno lenyewe. Utaletewa mafaili ya Excel yaliyokwisha tengenezwa na taasisi mbalimbali. Yafungue kwa tahadhari, na lolote linalokuomba uruhusu makro (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili) lifunge.

Sasa orodha.

1. Google Docs na Sheets, bila kulipa

Naiweka ya kwanza ingawa kama kichakata maneno si bora kuliko zote. Hati ya kurasa 200 yenye tanbihi na picha huifanya itembee kama mwenye malaria. Nguvu yake iko kwenye vitu ambavyo havijaandikwa mlangoni.

Chukua Sheets. Kuna fomula inayosoma jedwali kutoka kwenye tovuti na kukuletea hapo ulipo: `=IMPORTHTML("anwani ya ukurasa"; "table"; 1)`. Namba ya mwisho inasema ni jedwali la ngapi kwenye ukurasa. Mara ya kwanza nilijaribu kwenye ukurasa wa Wikipedia wenye orodha ya nchi na idadi ya watu. Nikabonyeza Enter, neno la kusubiri likatokea kidogo, kisha safu zaidi ya mia zikamwagika chini ya kidole changu. Siku ya pili nilihitaji jedwali la tatu la ukurasa huohuo, nikabadilisha 1 kuwa 3. Watu wanalipia programu za kunakili data za tovuti kwa kazi kama hiyo. (Fomula ikikataa, angalia alama ya kutenganisha: kwa mipangilio ya baadhi ya nchi ni nukta mkato, kwingine ni mkato.)

`=GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDEUR")` inaleta kiwango cha kubadilisha fedha; weka alama za sarafu unazotaka. Usiitumie kufanya biashara ya dakika kwa dakika, maana bei zake zinaweza kuchelewa. `=GOOGLETRANSLATE(A2;"en";"sw")` inatafsiri kilichomo kwenye seli A2, na ukiiburuta chini inatafsiri safuwima nzima. Tafsiri ni ya mashine, na kwa mkataba usithubutu, lakini kwa orodha ya bidhaa 400 unapata pa kuanzia. Jedwali moja linabeba seli milioni 10, kiasi ambacho sijawahi kumwona mtu wa kawaida akikifikia.

Docs nayo inaandika unachosema. Iko kwenye menyu ya zana, inafanya kazi kwenye Chrome, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha. Zungumza kwa mwendo wa kawaida, usitafune maneno. Vituo utaviweka mwenyewe baadaye.

Halafu kuna mchezo wa anwani. Kiungo cha hati ya Google huishia na `/edit`. Kifute hicho na chochote kinachokifuata, weka `/copy`, kisha mtumie mtu: akifungua ataulizwa kama anataka kujitengenezea nakala yake, na ya kwako haiguswi. Walimu wanaotuma karatasi za mazoezi wataelewa maana yake.

Kasoro mbili za kuzijua kabla. Tangu tarehe 1 Juni 2021 hati mpya za Docs na Sheets zinahesabiwa kwenye zile GB 15. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo, kwa hiyo ile akaunti ya pili unayoitumia kama stoo, ifungue mara mojamoja.

2. LibreOffice

Hii unaipakua na kuiweka kwenye kompyuta. Haihitaji intaneti wala akaunti, na ni bure kabisa. Ilizaliwa mwaka 2010 pale baadhi ya waliokuwa wakitengeneza OpenOffice.org walipojitenga na kuanzisha taasisi ya The Document Foundation. Sura yake haivutii. Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu mbili ambazo hakuna anayezitangaza.

Sehemu yake ya kuchora, Draw, inafungua PDF na kukuruhusu kurekebisha maneno yaliyomo. Kila mstari unakuwa kisanduku chake, kwa hiyo kuandika upya aya nzima ni adhabu, lakini kusahihisha tarehe au jina lililokosewa ni sekunde kumi. Hapo ndipo hela yangu ya ile programu ya fomu ya maswali manane ilipokuwa ikienda.

Ya pili ni kubadilisha mafaili kwa mkupuo. Una hati 60 za Word na unazitaka zote ziwe PDF? Fungua dirisha la amri (Command Prompt au Terminal) ndani ya folda yake na uandike `soffice --headless --convert-to pdf *.docx`. Hakuna kinachotokea kwenye kioo zaidi ya majina yanayopita, na ukifungua folda unakuta PDF 60. Kwenye Windows huenda ukalazimika kuandika njia kamili ya mahali programu ilipo. Zile tovuti za kubadilisha mafaili zinazokuruhusu machache kwa siku kisha zinadai malipo, nadhani zingependa usiijue amri hii. Tena hapa mafaili yako hayatoki nyumbani.

Isichoweza: watu wawili kuandika kwenye hati moja kwa wakati mmoja kupitia mtandao. Kama mnafanya kazi kwa timu, rudi namba 1.

3. Microsoft 365 Family

Hapa ndipo pochi inapofunguka: huu ni usajili wa kulipia wa Word, Excel na wenzao. Mkiwa sita, ndiyo ya kulipia: kila mmoja anapata TB 1 yake ya kuhifadhia (kama GB 1,000), na hakuna anayeona mafaili ya mwenzake. Ukiwa peke yako, ile ya Personal ina maana tu kama Excel ndiyo inayokulisha.

Na kama ndiyo inayokulisha, jua hili: Excel ya kwenye Windows ina Power Query, na ndani yake kuna uwezo wa kusoma folda nzima. Ukiwa na mafaili kumi na mawili ya mauzo, moja kwa kila mwezi, yenye mpangilio sawa, unayatupia kwenye folda moja, unaiambia Excel iyasome yote, na yanakuwa jedwali moja. Mwezi ujao unaongeza faili la kumi na tatu, unabofya kuonyesha upya, basi. Nimemwona mhasibu akinakili na kubandika kwa siku mbili kila mwisho wa mwezi wakati kitufe hicho kiko mbele yake, tena kwenye programu aliyokwisha kulipiwa na mwajiri.

Word ya kwenye kivinjari, kwa waliolipia, inageuza rekodi ya sauti kuwa maandishi hadi dakika 300 za kupakia kwa mwezi. Kama ulikuwa unalipia huduma ya namna hiyo pembeni, toa hesabu upya.

Tahadhari kwa mnunuzi wa sasa: mwezi Januari 2025 Microsoft iliingiza Copilot, msaidizi wake wa akili mnemba, kwenye mipango hii na bei ikapanda. Kwenye Family, Copilot ni ya mwenye usajili peke yake. Wale wengine watano hawaipati. Usiwaahidi.

4. Microsoft 365 ya bure kwenye kivinjari

Nzuri kwa kufungua faili la Word ulilotumiwa bila kulivuruga. Makro za Excel hazitembei, na kuunganisha barua na orodha ya majina hakuna. Ctrl+E ndiyo siri yake ninayoipenda: una safuwima ya majina kamili, pembeni unaandika jina la kwanza la mtu wa kwanza, unashuka seli moja, unabonyeza Ctrl+E, na mengine yote yanajijaza.

5. Proton Docs

Ni ya kuandikia hati mtandaoni, kama Google Docs, na ilitoka Julai 2024. Hati zinafungwa kwa usimbaji tangu kwenye kifaa chako, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Kwa wakili, mwandishi wa habari au daktari, ningeipandisha juu kabisa. Kwa mwingine, kumbuka kwamba ukisahau nenosiri na hukuweka njia ya kurejesha, hakuna wa kumpigia simu akufungulie data yako ya zamani.

6. Office ya kulipia mara moja

Unanunua, inakaa kwenye kompyuta moja, haipati vipengele vipya. Ina tarehe ya kufa pia: za 2016 na 2019 ziliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025. Usishawishike na namba za leseni zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya mzaha. Nyingi ni za kampuni au vyuo, na siku zikifungwa hutajua umdai nani.

Na injini ya utafutaji je, inanunuliwa?

Ndiyo, siku hizi zipo. Kagi haina matangazo, na inakuruhusu kuamuru tovuti fulani isionekane tena maishani mwako. Unapewa utafutaji 100 wa kujaribia. Kwa anayeshinda akitafuta kuanzia asubuhi hadi jioni, inastahili kufikiriwa.

Wengine jaribuni kwanza DuckDuckGo, ambayo ni bure: andika `!w` kabla ya swali na unaingia moja kwa moja Wikipedia. Kwa waliobaki Google, kichujio cha "Wavuti" kilichokuja Mei 2024 kinaondoa majibu ya akili mnemba na kukurudishia viungo vitupu; ukikikosa juu ya ukurasa, ongeza `&udm=14` mwishoni mwa anwani ya matokeo.

Mimi nilimaliza ule utafutaji 100 kwa siku nne. Nilipopitia historia yangu, karibu nusu nilikuwa nakokotoa asilimia na kubadilisha inchi kuwa sentimita, nikafunga ukurasa wa malipo.