Uchambuzi wa albamu ya "Liquid Spirit" ya Gregory Porter: wimbo wa nne umenikosesha usingizi

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nina sahani mbili za santuri hapa mezani, na kabla hamjaniandikia kwamba albamu hii ni ya mwaka 2013, nakiri kwamba nimechelewa. Ila tangu nilipopata zile hedifoni nilizowaonyesha katika video iliyopita, nimekuwa nikiirudia kila usiku, na nimegundua jambo ambalo spika ya simu ilinificha miaka yote hiyo.

Sitawachosha kwa wasifu wa mwimbaji wa jazi Gregory Porter, kwa kuwa yule bwana mwenye kofia iliyoungana na kitambaa kinachofunika masikio na kidevu mnamfahamu. Itoshe kusema kwamba alikulia Bakersfield, California, kwa mama aliyekuwa mhubiri, na kwamba hii ni albamu yake ya tatu ya studio na ya kwanza kutolewa na kampuni ya muziki ya Blue Note. Wale ambao neno jazi huwakumbusha magitaa ya Morogoro Jazz, hapa mtakutana na piano, besi, saksofoni na tarumbeta, na juu yake sauti nzito iliyolelewa na nyimbo za injili, ikapita kwenye R&B, ndipo ikafika kwenye jazi.

Sasa tufike kwenye wimbo wa nne, "Water Under Bridges", ambao una sauti ya Porter na piano ya Chip Crawford, basi. Haki za muziki haziniruhusu kuwapigia wimbo mzima, kwa hiyo naomba muuweke wenyewe, kwanza kwenye simu, kisha kwenye hedifoni. Kwenye simu mtamsikia mtu mwenye huzuni anayeimba vizuri, na mtashangaa kwa nini nawasumbua. Kwenye hedifoni mtamsikia akivuta pumzi, na mtaona jinsi anavyokataa kulikata neno la mwisho la mstari. Niwaonyeshe kwa sauti yangu, mnisamehe. Nikisema "mtoni" na kufunga mdomo papo hapo, nimewaeleza nilikokuwa. Lakini nikisema "mtoniii", nikaiacha ile irabu ififie taratibu hadi ibaki pumzi tupu, mmeshajua kwamba kuna mtu sikumkuta huko. Porter anafanya hivyo mstari baada ya mstari, naye Crawford hamwingilii, bali anasubiri neno life lenyewe ndipo ajibu kwa noti chache. Rudieni mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza mtamfuata mwimbaji, mara ya pili mtaifuata piano, na mara ya tatu mtausikia ule ukimya ulio kati yao.

Baada ya hapo, wimbo uliobeba jina la albamu, wenye makofi ya kanisani, unaonekana kama sherehe ya jirani, na nilitaka kusema kwamba umepitwa na wakati kwa jinsi ulivyopigwa kwenye kumbi za dansi baada ya DJ Claptone kuuchanganya upya. Nimeusikiliza tena asubuhi ya leo na naifuta kauli hiyo, maana mguu wangu ulikuwa ukigonga sakafu kabla sijaamua lolote. R&B imejitokeza waziwazi zaidi katika "Free" na "Movin'", ambazo ni tamu, ingawa kwangu "Movin'" ingeweza kuimbwa na mwingine na nisingelalamika. "The 'In' Crowd" ningeiacha nje kabisa, kwa kuwa nyimbo 14 ni nyingi na huo hauongezi kitu ambacho Dobie Gray na Ramsey Lewis, walioutoa kabla yake, hawakukifanya katika miaka ya 1960.

Najua mtaniuliza kuhusu mwimbaji José James, ambaye mwaka huohuo wa 2013 alitoa "No Beginning No End", nayo kupitia Blue Note. Ile ina midundo ya kisasa zaidi na besi ya Pino Palladino ambayo peke yake inastahili video, lakini kwa upande wa sauti namchagua Porter bila kusita. Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa jazi aliyopewa Januari 2014 sina ugomvi nayo, japo mwimbaji Cécile McLorin Salvant alikuwa katika kinyang'anyiro hichohicho kwa albamu yake "WomanChild", nami siku nyingine ningeweza kubadili kura yangu.

Kuhusu bei, kuisikiliza kwa intaneti kunatosha kabisa. Mimi niliagiza santuri kutoka nje, nauli ikazidi bei ya sahani zenyewe, na moja ikafika imepinda ukingoni, kiasi kwamba sindano huruka kwenye wimbo wa kwanza kila ninapoiweka. Wa nne, namshukuru Mungu, haukuguswa.