Uzoefu wangu: ngoma na chakula cha jioni, Bangkok na Chiang Mai

Sisi watu wa vito kutoka Arusha tukifika Bangkok tunashinda mitaa ya vito ya Silom na Mahesak tunabishana bei, na jioni hoteli haikosi kukuwekea mezani karatasi la rangi: ngoma za asili za Kithai, chakula humo humo, gari litakuja kukuchukua. Wengi wanalipa kwa sababu limekuja lenyewe. Mimi nimekula chakula cha namna hiyo Bangkok, nikala kingine Chiang Mai, na katikati nikaona khon, mchezo wa vinyago, bila sahani mbele yangu. Ni vitu vitatu tofauti kabisa, na wakala wa hoteli ataviuza kwa maneno yale yale.

Nianze na cha Bangkok, kwa kuwa hakihitaji maneno mengi. Mgahawa sitautaja. Tulilipa zaidi ya baht 1,500 kwa kichwa, chakula kilikuwa kizuri tu, supu ya tom yum imepunguzwa makali ili mgeni asilie, na embe na wali wa nazi mwishoni. Ngoma ndiyo iliyoniudhi. Muziki ulitoka kwenye spika. Vipande vilikatwa vifupi vifupi: wavunaji wa mpunga, mapanga, ndondi, nyani Hanuman anaruka, makofi, wanatoka. Kila mchezaji anapofikia penye uzito, mhudumu anapita katikati na sinia la vinywaji. Hakuna aliyetuambia huyu ni nani na anagombana na nani kwa nini. Mke wangu aliniuliza yule nyani mweupe ni mwema au mbaya, na sikuwa na jibu.

Jibu nililipata siku chache baadaye Sala Chalermkrung, ukumbi wa zamani kwenye barabara ya Charoen Krung, uliofunguliwa mwaka 1933. Wengi hawajui kwamba tiketi ya kuingilia Ikulu Kuu, ile ya baht 500, ilikuwa na nafasi ya kuona khon hapo ndani yake. Tulipokwenda, watu kadhaa waliotoka ikulu pamoja nasi walikuwa wanaitupa tiketi pipani. Ulizeni dirishani kabla hamjaingia, maana ratiba hubadilika. Onyesho hilo la wageni ni fupi, halifiki hata nusu saa, lakini halina sahani wala mhudumu. Unakaa kwenye kiti, unatazama.

Khon ni mchezo wa vinyago uliolelewa na ikulu, na hadithi yake ni moja: Ramakien, yaani Ramayana kama Wathai walivyoifanya yao. Phra Ram ameibiwa mke, Sida, na Thotsakan, mfalme wa majitu; Hanuman na jeshi lake la nyani wanamsaidia kumrudisha. Kwa hiyo nyani mweupe ni mwema, ingawa mtundu, na mbele ya wanawake si wa kuaminika. Ukipotea, shika rangi za nguo na vinyago. Phra Ram ni kijani, mdogo wake Phra Lak ni dhahabu, Hanuman mweupe. Thotsakan naye ni kijani, lakini humkosei, kinyago chake kina nyuso zimepandana mpaka juu. Kama mna muda, pitieni kwanza michoro ya ukutani ya hekalu la Wat Phra Kaew, humo humo ndani ya ikulu: vipande 178 vinavyozunguka ua wote vikisimulia hadithi hii tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tulifanya hivyo, na ukumbini mke wangu ndiye aliyekuwa ananieleza.

Wachezaji hawasemi. Wanaosema na kuimba ni wasimulizi walio pembeni, na mchezaji anayajibu maneno yao kwa mwili. Wanaovaa vinyago siku hizi ni majitu na nyani. Phra Ram na Sida wako uso wazi, lakini usitegemee uso huo kukuambia kitu, umetulia kama maji ya mtungini. Tazama mikono na miguu. Jitu linasimama limepanua magoti, paja liko sambamba na sakafu, na linakaa hivyo muda ambao mimi nisingeweza hata nikiegemea ukuta. Nyani wanajikuna, wanageuza shingo kwa ghafla, hawatulii. Watoto huanza kufunzwa wangali wadogo, na mwalimu huwapanga kwa umbo: huyu atakuwa jitu, huyu nyani, huyu mwungwana. Katika vita kuna mahali ambapo Phra Ram anapanda juu ya paja la jitu na kusimama hapo, upinde mkononi, na wote wawili wanaganda. Hakuna kamba wala hila. Nguo zenyewe ni nzito, zimetariziwa nyuzi za dhahabu, na kwa desturi mchezaji hushonewa mwilini kabla ya kutoka, kwa hiyo akishavaa hana kuvua mpaka mchezo uishe.

Na muziki ulikuwa wa watu! Marimba ya mbao inaongoza, patu zimepangwa duara na mpigaji amekaa katikati, ngoma mbili kubwa, matoazi madogo ya kushika mwendo, na zumari. Mtu aliyekulia Tanga akisikia zumari masikio yanasimama yenyewe. UNESCO iliiingiza khon kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2018, mwaka ule ule ilipoingiza Lakhon Khol ya Kambodia, mchezo wa vinyago unaotokana na hadithi hiyo hiyo. Nani alimfundisha nani, msiulize mkiwa Bangkok kama mna haraka.

Sasa Chiang Mai, kaskazini, mwendo wa ndege wa saa moja na kidogo. Huko chakula cha jioni chenye ngoma kinaitwa khantoke, na hapa ndipo nilipobadili mawazo juu ya kula huku unatazama. Khantoke ni meza ya duara, fupi, mnakaa chini kuizunguka, na ndivyo watu wa kaskazini walivyokula tangu zamani, majumbani na kwenye sherehe zao. Kuigeuza tafrija ya wageni kulianza 1953, pale Kraisri Nimmanhaeminda, mtu mkubwa wa mji huo, alipowaandalia marafiki zake karamu ya namna hiyo. Kituo kinachotajwa zaidi ni Old Chiang Mai Cultural Center, kilichoanza 1971; sisi tulikwenda kwingine, chini ya baht 700 kwa mtu.

Wali wa kunata unaletwa kwenye kikapu, unafinyanga tonge kwa mkono na kuchovya. Kuna kuku wa kukaanga, kabichi, mchuzi mzito wa gaeng hang le wenye asili ya Burma, nam prik ong ambayo ni nyanya na nyama ya kusaga, na ngozi za kukaanga za kutafuna. Vibakuli vikiisha wanaongeza, huulizwi pesa. Waislamu wajue kwamba mchuzi huo, hiyo nam prik ong na ngozi hizo ni nguruwe. Tulisema tangu wakati wa kuweka nafasi, tukaandaliwa meza yetu na kuku na samaki. Usisubiri kufika. Na miguu isielekezwe kwa watu wala jukwaani, ikunje pembeni. Mke wangu ana magoti, akapewa nafasi yenye shimo la kuteremsha miguu chini ya meza, nayo iombwe mapema.

Ngoma niliyoifuata ni fon lep, ya kucha. Wasichana wamevaa kucha ndefu za shaba kwenye vidole vyote isipokuwa gumba, wanatembea polepole mno, na kazi yote iko kwenye kifundo cha mkono. Dakika mbili za mwanzo unaweza kudhani hakuna kinachotokea. Baadaye unagundua kwamba kucha zote zinageuka pamoja, na jicho halibanduki. Ngoma za kaskazini zinadaiwa mengi na Dara Rasmi, binti wa kifalme wa Chiang Mai aliyeolewa na Mfalme Chulalongkorn wa Siam, ndiyo Thailand ya leo. Aliporudi kwao mwaka 1914 alikusanya walimu na kuwafundisha wasichana upya. Hapa mwendo wa ngoma na mwendo wa kula ni mmoja. Unamega tonge, unatazama, hakuna anayekukimbiza.

Sehemu iliyolegea ni ya mwisho, walipoletwa watu wa makabila ya milimani, Wahmong, Walahu na Walisu, mmoja baada ya mwingine, kila kundi dakika chache na mavazi yake, kama gwaride. Wachezaji walikuwa wamechoka na ilionekana. Halafu wageni wote wanaitwa kucheza ramwong, duara la taratibu la mikono. Serikali iliieneza ngoma hiyo miaka ya 1940, na ni rahisi kiasi kwamba hata mzee wa Kijerumani aliyekuwa jirani yetu aliiweza.

Nyota tano khon, nne khantoke, mbili ile ya Bangkok, na hizo mbili ni za embe. Khantoke wekeni nafasi wenyewe kwa simu, tuktuk mtapata. Wakala aliweka cha juu ambacho mlangoni hakikuwepo. Ombeni mahali pa mbele ubavuni, si katikati nyuma ya nguzo. Na kama jikoni hawakupi jibu la kueleweka kuhusu halali, nendeni kwanza kwenye msikiti wa Ban Ho, karibu na soko la usiku, waliko Waislamu wenye asili ya Yunnan, China. Kuleni khao soi ya kuku, yaani tambi za mchuzi, pale, kisha mwende kwenye ngoma mkaagize chai na matunda.