Grupu, stetasi au orodha? Tathmini ya WhatsApp kwa anayeomba msaada kwa watu wake

Ninatengeneza siagi ya karanga nyumbani, Nkuhungu, Dodoma. Lengo langu ni kuitoa jikoni na kuifikisha kwenye rafu za maduka ikiwa na alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Hela ni sehemu tu ya shida. Nilihitaji mkulima wa kuaminika, vifungashio, mtu anayejua utaratibu wa SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo), na mwenye duka atakayekubali kujaribu makopo machache. Vyote hivyo viko mikononi mwa watu ambao namba zao ninazo kwenye simu, au mikononi mwa watu wanaofahamiana nao. Kwa hiyo hapa naipima WhatsApp kwa kazi hiyo moja tu ya kuomba. Soga na vichekesho tunavijua sote.

Nianze na grupu, maana ndiko wengi tunakokimbilia. Grupu la ukoo wetu lina kila mtu, kuanzia babu wadogo hadi wajukuu walioko vyuoni. Niliandika ombi langu vizuri, nikaeleza ninachofanya na ninachotafuta. Nikapata mikono ya dua, "Hongera sana mama", "Mungu akusimamie", halafu ikaingia taarifa ya msiba wa Kongwa, ikafuata video ya mahubiri, ikafuata picha ya maua iliyoandikwa Jumatatu njema. Ombi likazama.

Siwalaumu ndugu zangu. Grupu linaweza kubeba watu 1,024, lakini kila anayesoma anadhani mwingine ndiye atakayejibu. Kamati za harusi ndizo zinazojua kulitumia. Pale kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, na kuna ile orodha inayonakiliwa kila jioni: fulani ameahidi laki moja, amelipa elfu hamsini. Jina lako likikaa siku nyingi bila tiki unajisikia vibaya, unalipa. Harusi ina tarehe na kila mtu ana deni la jana, kwa sababu wewe ulimchangia na yeye atakuchangia. Siagi yangu ya karanga haina tarehe na hakuna anayenidai wala ninayemdai. Admini angeweza kubandika ombi langu juu, hata kwa siku 30, lakini nani atabandika karanga juu ya mchango wa matibabu ya mjomba? Nami nisingekubali. Kwa lengo la mtu mmoja naipa grupu nyota mbili kati ya tano.

Stetasi nayo ni nzuri kwa kuonyesha, si kwa kuomba. Niliweka video fupi za kuchambua karanga, za mashine ikisaga, za kopo likifungwa lebo. Baada ya saa 24 zimetoweka, na wanaouliza wengi wanauliza bei. Ni sawa, wateja nao nawataka. Faida yake kubwa kwangu ilikuwa lile jicho la chini linaloonyesha nani ametazama. Kuna watu hawajakusalimia tangu mtihani wa mwisho wa chuo, lakini kila unachoweka wanakitazama. Kati yao niliona jina la dada mmoja tuliyesoma naye, ambaye sikuwahi hata kumfikiria. Nikamwandikia pembeni. Kumbe mume wake anatengeneza sabuni za maji na alishapita njia yote ya kupata barua ya SIDO, ile barua ya utambulisho inayomwezesha mjasiriamali mdogo kufikiriwa na TBS bila kubebeshwa gharama zote za ukaguzi na upimaji katika miaka ya mwanzo. Akanieleza nianze na lipi na nifungashe nini kabla ya mkaguzi kufika. Nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya lile jicho.

Sasa tuje kwenye orodha ya matangazo, ambayo naona watu wengi hawaijui au wanaitumia kutuma salamu za Idi na Krismasi tu. Unachagua majina hadi 256, unaandika ujumbe mmoja, na unamfikia kila mtu kama vile umemwandikia yeye peke yake. Akijibu, jibu linakuja kwako tu, kwa hiyo hakuna mikono ya dua ya kuzamisha ombi. Sharti lake ni kwamba ujumbe unawafikia waliohifadhi namba yako tu. Ukishatuma, fungua taarifa za ujumbe huo utazame umewafikia akina nani. Anayekosekana siku mbili tatu, ama simu yake imezimwa, ama hajakuhifadhi. Kwa waliobadilisha namba kama mimi, hilo ni jambo la kushughulikia kabla ya kuomba chochote.

Tatizo halisi la orodha nililiona nilipotaka kuandika neno la kwanza. Kwa shangazi huwezi kuanza na "Mambo vipi". Kwa rika langu "Shikamoo" ni kichekesho. Na ukianza bila salamu, kwa wakubwa umeshaharibu. Kwa hiyo nilitengeneza orodha tatu: ya wakubwa, ya rika, na ya watu wa biashara ambao salamu yao ni "Habari za kazi". Inachukua jioni nzima kupanga majina, lakini ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu unapomweka mtu kwenye orodha unalazimika kujiuliza huyu anaweza kunisaidia nini hasa.

Ujumbe wa rika niliuandika hivi: "Habari zenu jamani, natafuta mkulima wa karanga wa Kondoa au Mpwapwa anayeanika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kama unamfahamu hata mmoja, nitumie namba yake. Kama humfahamu, usijisumbue kujibu." Sentensi ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Inamwondolea mtu mzigo wa kutunga udhuru, na anayejibu anajibu kwa namba ya simu, si kwa dua. Na turubai sikuitaja kwa madoido. Karanga zikianikwa chini na kuvundikwa na unyevu zinaota kuvu wanaotoa sumukuvu, na viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi huku kwetu Dodoma na Manyara, kwa hiyo mkaguzi akiuliza karanga zako zimetoka wapi hafanyi mzaha. Nilipata namba kadhaa. Mkulima ninayenunua kwake sasa alitoka kwa binamu wa fundi wangu wa umeme.

Kwa wakubwa, maandishi matupu yana mipaka yake. Shangazi alinipigia mwenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hii uliyonitumia ni nini, mbona kama barua ya serikali? Si ungenipigia tu?"

Nikamweleza natafuta duka. Akanyamaza kidogo, akasema kwenye jumuiya yao yuko mama mwenye duka karibu na soko la Majengo, lakini nisimpigie, nije Jumapili anitambulishe kwa uso. Nilikwenda. Yule mama alionja, akauliza maswali mawili kuhusu chumvi, akachukua makopo ya kuanzia. Tangu hapo orodha ya wakubwa naituma kwa sauti, salamu kwanza, ombi mwishoni, halafu nasubiri kupigiwa.

Kuhusu hela nitakuwa mfupi. Sikuomba kwenye orodha yoyote. Ukishaomba hela, kila ujumbe wako unaofuata unasomwa kama wa kuomba hela. Kwa hilo kuna vikundi vya kuweka na kukopa, na kuna mikopo ya halmashauri inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Hapo unachoomba kwa watu wako ni wanawake wenzako wa kuunda kikundi ambao hawatakimbia marejesho, na huo ni uteuzi wa macho kwa macho.

Orodha naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu haiwezi kuweka jina la kila mtu mbele ya salamu, na mtu mzima anatambua mara moja ujumbe usio na jina lake. Wale kumi wa muhimu kabisa ninawaandikia mmoja mmoja kwa mkono. Na aliyenisaidia ninamtumia picha ya kile alichosaidia: mkulima picha ya gunia lake likipimwa, shangazi picha ya makopo kwenye rafu ya Majengo. Shangazi ameshaiweka kwenye stetasi yake, na wateja wawili wamenipigia kutoka huko.