Vim inavyonitunzia rasimu za zamani

Kwa faili moja ninayoihariri peke yangu, iwe tafsiri au ripoti, naona kuanzisha hifadhi ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, ni kujitafutia kazi. Nimebaki na kitu ambacho Vim, kihariri changu cha maandishi, imekuwa nacho tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010: historia ya mabadiliko inayobaki hata ukishafunga programu na kuzima kompyuta.

Kuiwasha ni mistari miwili kwenye `.vimrc`, faili ya mipangilio ya Vim: `set undofile`, kisha `set undodir=~/.vim/undo`. Folda hiyo uiunde mwenyewe, Vim haikuundii. Ukiuacha mstari wa pili, vifaili vilivyofichwa vinavyoishia na `.un~` vitazagaa kila unapofanyia kazi.

Raha yake hasa iko kwenye matawi, yaani njia tofauti ambazo maandishi yamepitia. Vihariri vingi, ukirudi nyuma hatua kumi kisha ukaandika neno jipya, zile hatua kumi zimekwenda arijojo. Vim haizitupi. Naandika aya, naifuta, naandika nyingine. Nikiona ile ya kwanza ilikuwa bora, nabonyeza `g-` mpaka inarudi, na `g+` inanipeleka mbele tena. Hata kwa saa inaelewa: `:earlier 10m` inanipa maandishi yalivyokuwa dakika kumi zilizopita. Kama nimeshachezea faili tangu nilipoihifadhi, `:earlier 1f` inanirudisha pale pale nilipohifadhi. Matawi yakishakuwa mengi kichwa kinauma, ndipo ninapofungua programu-jalizi ya undotree, inayoyachora pembeni.

Kasoro? Zipo. Huwezi kuandika sababu ya badiliko, kwa hiyo kazi ya watu wawili naipeleka Git bila ubishi. Faili ikibadilishwa na programu nyingine nje ya Vim, historia yake haisomwi tena, kwa sababu Vim hulinganisha alama iliyoikokotoa kutoka kwenye maandishi ilipohifadhi na ile ya maandishi yaliyopo sasa, zisipolingana, basi. Usalama nao ni wa kutupiwa jicho, maana nenosiri ulilolifuta kwenye faili linaweza kuwa bado limekaa ndani ya ile historia, na anayeifikia folda yako analipata. Faili za namna hiyo naziandikia `:setlocal noundofile` kabla sijahifadhi chochote.