Mipira mipya ya injini kwa trekta langu la nyasi: kutoka Grogan hadi Kariobangi

Nina trekta dogo la kukata nyasi, Cub Cadet 1450, lililoundwa Marekani na International Harvester katika miaka ya 1970. Nililinunua mwaka 2017 kwa familia iliyokuwa ikihama Karen, hapa Nairobi, likiwa limelala bandani chini ya turubai, na tangu siku hiyo ndilo linalonilisha. Nakata viwanja vya shule, makanisa na nyumba zenye ua mkubwa, kuanzia Lang'ata hadi Ngong. Mvua ndefu zikishaanza, sipumziki hata siku tatu mfululizo.

Ubovu ulianzia mikononi. Baada ya saa moja kwenye usukani, vidole vilikufa ganzi. Kisha skrubu za vibao vya ubavuni zikawa zinadondoka nyasini moja moja, bomba la eksozi likapata ufa, na kila nilipozima, injini iligonga chesisi kishindo kimoja kabla ya kunyamaza. Nikadhani ni kabureta. Nikaisafisha, nikabadilisha plagi, wapi! Mwishowe mekanika mmoja wa mtaani kwetu akafungua vibao, akaishika injini kwa mikono miwili na kuitikisa. Ilicheza mbele na nyuma kama jino bovu.

"Mauntingi zimeisha, boss," akasema. "Hii haina mipira tena."

Injini yenyewe ni Kohler ya nguvu za farasi 14, silinda moja tu, na silinda moja haina mwenzake wa kulisawazisha pigo lake. Ndiyo maana waundaji waliiketisha juu ya mipira minne ya kumeza mtetemo, hizo mauntingi, na kuifunika kwa vibao pande zote. Familia hiyo ya matrekta wakaiita Quiet Line kwa utulivu wake. Lakini mpira ni mpira. Ukipikwa na joto na kunyweshwa mafuta karibu miaka 50, unakwisha. Wangu wa nyuma kushoto ulikuwa chini ya sili (pete ya kuzuia mafuta) inayovuja, na nilipoubonyeza kwa kidole ulibonyea kama andazi lililolowa chai. Upande huo injini ilikuwa imezama milimita 9.

Mtetemo unaudhi, lakini kilichonitisha zaidi ni shafti. Kutoka nyuma ya injini kuna shafti ndefu inayokwenda hadi kwenye giaboksi ya haidroliki. Injini ikizama, shafti haisimami tena mstari mmoja na giaboksi, na kaplingi, kile kiungo kinachoishika shafti, inaanza kusagika. Matundu ya pini kwenye kaplingi yangu yalishakuwa na umbo la yai. Kama una mashine ya aina hii, chungulia hapo leo, hata kama hausikii kitu.

Kuagiza mipira Marekani kuliwezekana, ila nauli na ushuru vingezidi bei ya mipira yenyewe, na msimu haungoji mzigo. Nikatafuta hapa hapa Nairobi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la bei rahisi: mtu mmoja alinikatia vipande kutoka kwenye tairi la lori, mpira ule ule wa akala. Nilitumia siku mbili tu. Mpira wa tairi una nyuzi ndani yake, unabeba uzito vizuri sana lakini hautulizi chochote. Trekta lilitetemeka kuliko mwanzo. Akala ni kiatu kizuri, kibaki mguuni.

Mara ya pili nilikwenda Grogan, kwenye maduka ya vipuri, nikanunua mipira ya jenereta, yenye bolti pande zote mbili. Machoni ilifanana kabisa na ya zamani. Nyumbani ndipo nikagundua bolti ni za milimita 10, na mashine hii ya Kimarekani ni ya inchi: matundu yake ni ya bolti ya 3/8, yaani milimita 9.5. Muuzaji alinishauri nipanue matundu kwa drili. Nilikataa, na nafurahi nilikataa, maana tundu ukishalipanua kwenye chuma cha zamani hulirudishi. Pesa sikurudishiwa.

Mara ya tatu nikafika Kariobangi Light Industries, kwa fundi mzee anayetengeneza mipira ya mashine za posho na magari. Sitamtaja jina, lakini kazi yake ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nilimpelekea mipira yote minne ya zamani. Aliipima kwa kalipa, akaupasua mmoja katikati kwa kisu, akaninusisha.

"Umenusa? Huu umelewa mafuta. Nikikuwekea mpira wa kawaida utarudi hapa mwakani."

Akanieleza kwamba mpira wa asili ndio bora kwa kumeza mtetemo lakini mafuta huula. Naitrili, mpira wa kutengenezwa viwandani, inastahimili mafuta. Tukakubaliana naitrili, na kwanza nishughulikie ile sili. Kisha akaniuliza swali ambalo kule kwingine hakuna aliyeniuliza: ugumu kiasi gani? Mimi nilitaka mgumu, nikiamini mgumu ndio imara. Akatikisa kichwa. Injini hii kwa kasi ya juu inazunguka mara 3,600 kwa dakika, yaani mara 60 kwa sekunde. Mpira laini unaiacha icheze peke yake pale juu, na chesisi haipati habari. Mpira mgumu unaifunga injini na chesisi pamoja, kila pigo linakufikia kwenye kiti. Akachagua ugumu wa 50 kwa kipimo cha Shore A. Kwa kidole unabonyea kidogo tu, kisha unarudi.

Chuma na mpira hakuvibandika kwa gundi ya dukani. Alichonga kalibu, akapaka vyuma dawa ya kushikanisha, kisha vyote vikapikwa pamoja kwa joto na mgandamizo hadi vikawa kitu kimoja. Nilijaribu kuung'oa mmoja kwa praisi na nguvu zangu zote. Haukung'oka.

Kufunga kulituchukua Jumamosi nzima, mimi na kijana wangu. Tulianza kwa kutoa waya hasi wa betri, kisha vibao, eksozi, kebo za mafuta na choki, bomba la petroli, na mwisho shafti. Injini tuliinua kwa mnyororo kwenye boriti ya banda. Msishawishike kuiinua kwa jeki kutoka chini; sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, haikuundwa kubebeshwa hivyo. Badilisheni yote minne kwa pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, injini inakaa upande na shafti inarudi kule kule. Nati msizikaze mwisho kabla injini haijakaa kwa uzito wake wote, la sivyo mpira unajifunga ukiwa umepinda. Kaplingi nayo nilichongesha mpya, maana ile ya umbo la yai ingeuharibu usingizi wangu.

Sasa ni miezi mitano. Kwa kasi ya kukata, naweza kuweka glasi ya maji juu ya boneti na maji yakatikisika kidogo tu. Ikiwa chini kabisa, injini bado inacheza kidogo, na fundi alinionya mapema kwamba mpira laini una tabia hiyo. Mimi siukati uwanja kwa mwendo huo, kwa hiyo hainisumbui. Vidole vimepona. Skrubu hazidondoki.

Nampa nyota nne. Ya tano imepotea kwa sababu aliniahidi wiki moja ikawa tatu, katikati ya Aprili, nyasi zikiwa magotini na wateja wakipiga simu. Pia bolti ya mpira mmoja ilikaa pembeni kwa milimita moja hivi. Aliurudia bila kunitoza, ila ilinigharimu safari nyingine ya kuvuka jiji lote. Mipira minne na kalibu vilinigharimu shilingi 9,500. Seti ya pili ingekuwa 5,000, maana kalibu ipo tayari. Iko rafuni kwake, amechora juu yake 1450 kwa rangi nyeupe.