Vidonge vya kuzuia wanga: hela nimesamehe, maneno bado

"Wewe mama, dawa haiwezi kushindana na mdomo."

Nimeambiwa hivyo mbele ya watu, hapa hapa Mwanga, Kigoma, na dada ambaye nilikuwa nimempa shilingi 65,000 mkononi. Naandika nikiwa bado na hasira. Atakayeona nimezidisha anisamehe, lakini sijazidisha.

Mimi ni fundi cherehani. Kutwa nzima nimeshika futi, nazungusha kwenye viuno vya wanawake wenzangu. Nimepima mabibi harusi, nimepima wajawazito, nimepima waliotoka kujifungua wakakuta nguo zote kabatini zimewakataa na machozi yako karibu. Namba naisoma kimoyomoyo, naiandika, daftari nalifunika. Hata binti ninayemfundisha kazi, somo la kwanza nililompa ni hilo: kiuno cha mteja hakitajwi kwa sauti. Sasa mtu mwingine aje aupigie mwili wangu kelele kama anauza dagaa Kibirizi?

Vidonge nilivinunua mwaka jana, mvua zimeanza au zinakaribia kuanza. Uzito ulikuwa umepanda tangu mtoto wangu wa mwisho, na kazi yenyewe ni ya kukaa, magoti yakawa yanalia kila nikisimama. Huyu dada ana kiofisi chake cha virutubisho, kioo kisafi, kiti cha mgeni, maji ya kunywa. Akanieleza kwa upole sana siku ile. Kidonge kimoja kabla ya chakula, kula ugali wako kama kawaida, wanga hauingii mwilini, unatoka. Hakuniambia unatokaje.

Siku za mwanzo sikuona lolote. Wiki ya pili, kama si ya tatu, tumbo likaanza kujaa. Mchana nikiwa nimeinama kumpima mteja linaunguruma mpaka yeye anasikia. Usiku gesi. Nikavumilia, maana nilishaambiwa mwili unajisafisha.

Kisha ikawa safari ya Kasulu. Tulikuwa tunakwenda msibani. Asubuhi nilikula ugali wa muhogo na mgebuka nikashiba, maana msibani hujui utakula saa ngapi, na kidonge changu nikakimeza kama nilivyoelekezwa. Nikakaa kiti cha dirishani kwenye Coaster. Hatujafika hata nusu ya njia, tumbo likafura. Nilivaa blauzi niliyoishona kwa mikono yangu, najua ina nafasi kiasi gani, na niliona kifungo cha tatu kinavuta kitambaa, tundu limepinda kama mdomo wa mtu anayetaka kulia. Halafu likaanza kukata. Nikamwita konda. Wanaume wawili waliokaa mbele wakageuka kunitazama. Konda mwenyewe, kijana mdogo tu, akagonga bati basi likasimama, akasema, "Shuka taratibu mama, tunakusubiri." Nikaingia kwenye migomba ya watu. Niliporudi hakuna aliyeniuliza kitu, na yule kijana alikuwa amenishikia pochi. Mungu amzidishie.

Niliporudi Mwanga nikaenda ofisini kwa yule dada. Sikwenda kugombana, wala sikudai hela. Nilitaka kuuliza tu kama hali ile ni ya kawaida au niache. Ndani kulikuwa na wateja wanne au watano. Nikasogea karibu, nikaongea chini. Yeye akajibu juu.

"Unakula nini?"

Nikamwambia, ugali wa muhogo.

"Ugali wa ukubwa gani? Hivi, au hivi?" Akatanua mikono, akaitanua tena, anawaonyesha wale wateja, mimi hanitazami. "Watu wa Kigoma mnakula kama mnakwenda kulima usiku." Mmoja akacheka. Wengine wakainamisha macho, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Ndipo akatoa lile la mdomo, na hapo hapo akaniambia niongeze, viwe viwili badala ya kimoja. Nilichelewa kujibu. Mpaka leo nikiwa naendesha cherehani majibu yanakuja, yamechelewa yote.

Ugali wa muhogo umenilea. Mama yangu alitusomesha kwa muhogo na mawese. Kama ameona chakula chetu ni kikubwa, na aje alime naye tuone atakula nini jioni.

Kesho yake nikalipeleka lile kopo kwa mama mmoja mfamasia, duka la dawa ninalopita kila siku. Alivaa miwani, akasoma maandishi madogo yote, hakuharakisha. Akaniambia kilichomo ni dondoo ya maharage meupe. Nikamwambia rudia. Akarudia: maharage. Mimi niko Kigoma, magunia ya maharage yanashuka kutoka Kasulu na Kibondo, na nimelipa 65,000 kwa maharage yaliyofungwa kwenye kopo!

Akanituliza, akasema si maharage ya kupika. Ndani yake kuna kitu kinachozuia kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kipo kwenye mate na kingine kinatoka kwenye kongosho, kazi yake ni kukata wanga uwe sukari. "Ukifika nyumbani chukua tonge kavu, litafune muda mrefu usimeze." Nilifanya. Baada ya muda likaanza kuwa tamu mdomoni, bila sukari, bila kitu. Umri wote huu nakula ugali, sikuwahi kulijua hilo.

Kidonge kikizuia, ule wanga unashuka mzima hadi utumbo mpana, na kule bakteria wanaukuta. Unachachuka kama muhogo tunavyouloweka, na gesi ndiyo hiyo. Kwa hiyo kilichonitesa njiani kwenda Kasulu hakikuwa mdomo wangu. Ilikuwa ni dawa inafanya kazi yake! Yule dada alitakiwa kulijua hili, na kama alilijua, alitakiwa kuniambia kabla sijatoa hela.

Mfamasia akaniambia na mengine. Vidonge hivi vinagusa wanga tu. Sukari ya chai na soda inapita, mawese nayo yanapita, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4. Akasema tafiti zilizofanywa, baadhi zimeonyesha watu kupungua kidogo, nyingine hazikuona kitu cha maana.

Hapa lazima niseme ukweli, ingawa unanikera: mimi nilipungua. Kilo 2, kwenye mizani ya zahanati, na sketi yangu ya kazini ililegea nikaikaza mwenyewe, nusu inchi kila upande. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa niseme ni utapeli mtupu. Mtu anayekula wanga mwingi, ambaye anakaa nyumbani karibu na choo, na ameelezwa yote mapema, pengine anaweza kujaribu. Ingawa nikifikiri vizuri, wiki zile nilikuwa naogopa hata kula. Tonge nilikata nusu, chai nikanywa bila sukari kwa sababu ya tumbo. Sasa kilichonipunguza ni kidonge au ni woga? Sijui, na nimechoka kulifikiria.

Jirani yangu aliposikia ni maharage alitaka kusaga yake mabichi awe anakoroga kwenye uji. Wenzangu, msifanye hivyo. Maharage mabichi, au yasiyoiva vizuri, yana sumu inayotapisha na kuharisha, ndiyo maana tunayachemsha mpaka yaive kabisa. Japani mwaka 2006 kipindi cha televisheni kilihimiza unga wa maharage meupe yaliyokaangwa dakika chache tu, kwa ajili hiyo hiyo ya kupunguza uzito, na mamia ya watu waliugua.

Nilikuwa tayari kuyaacha yote yapite. Kisha nikaenda Ujiji kumsalimia shangazi yangu, ana kisukari miaka mingi, nikakuta kopo lile lile juu ya meza. Yule yule dada amemwambia, kwa kuwa vidonge hivi vinazuia wanga usiwe sukari, vile vya kliniki anaweza kuviacha. Na alikuwa ameviacha! Nilimpeleka kliniki siku ile ile, sukari iko juu. Nesi akatueleza kwamba ipo dawa halisi ya kuchelewesha wanga, inaitwa akabosi, na daktari humwandikia mwenye kisukari cha aina ya pili, nayo huleta gesi, lakini mgonjwa anapimwa na kufuatiliwa. Haiuzwi kwa kutanuliwa mikono. Shangazi amerudi kwenye vidonge vyake. Na lile neno langu la juu, kwamba mtu pengine anaweza kujaribu, nalifuta. Usinunue. Walau si kwa mtu ambaye hawezi kukuuliza kwanza unaumwa nini na unameza dawa gani.

Mji wetu ni mdogo. Juzi yule dada amemtuma mtu na kitenge, anataka gauni la harusi ya ndugu yake, anasema kazi yangu anaiamini. Kitenge ni kizuri, kipo juu ya meza yangu, sijakigusa na mkasi. Aliyekileta nimemwambia mimi sishoni kwa kukadiria, mwenyewe aje nimpime.